Merikebu Iliyobeba Baridi

Wasikilizaji wetu, kila aliyekaa pwani amepata kuona papa mkavu na ng'onda. Mabaharia wa majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni waliwaleta papa hao Unguja, Lamu na Mombasa, nao hawakuoza njiani kwa kuwa walitiwa chumvi wakaanikwa juani. Kwa muda wa karne nyingi mabaharia wa dunia nzima hawakuwa na njia bora kuliko hiyo: chumvi, jua na moshi. Nyama mbichi haikuwezekana ila kwa kuchukua mbuzi hai chomboni na kumchinja safarini.

Leo nataka kuwasimulia jinsi watu walivyoshindana na jambo hili mpaka wakalishinda, na hasa habari za merikebu moja ya matanga iliyoitwa Dunedin.

Wa kwanza kufanya biashara kubwa ya baridi baharini alikuwa Frederic Tudor wa Boston, katika Marekani. Huko maziwa huganda wakati wa baridi. Tudor aliyakata mabonge ya barafu na kuyapakia merikebuni, na mwaka 1806 akapeleka shehena ya kwanza katika kisiwa cha Martinique. Watu walimcheka. Lakini hakuacha, naye alijifunza kwamba siri ya kazi ile haimo katika barafu, imo katika kuta. Barafu iliyozungushiwa unga wa mbao kwa unene wa kutosha hukawia sana kuyeyuka. Mwaka 1833 merikebu Tuscany iliondoka Boston na tani 180 za barafu, ikavuka Ikweta mara mbili, ikafika Calcutta, katika Bara Hindi, baada ya miezi minne. Tani zipatazo 100 zilikuwa zingali ngumu.

Jambo hili la kuta msilisahau, maana ndilo lililomwangusha mtu mwerevu kuliko Tudor. James Harrison alikuwa mwenye gazeti katika mji wa Geelong, Australia, tena ni miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuunda mtambo wa kufanya barafu. Mwaka 1873 alitaka kupeleka nyama iliyogandishwa Uingereza kwa merikebu Norfolk. Sasa angalieni ajabu hii: yeye mwenyewe bingwa wa mitambo hakutia mtambo merikebuni. Alichagua kuweka nyama katika chumba cha baridi pamoja na barafu na chumvi, akitumaini kwamba barafu itatosha mpaka London. Haikutosha. Iliyeyuka upesi kuliko alivyohesabu, nyama ikaoza njiani, na Harrison akafilisika. Kwa maoni yangu hakukosa akili. Alikosa kutia akiba katika hesabu yake, na bahari haina duka la kununua barafu nyingine.

Wafaransa wakaja na shauri jingine, la kuchukua mtambo wenyewe safarini. Charles Tellier alitengeneza merikebu Frigorifique, nayo mwaka 1876 ilitoka Rouen ikafika Buenos Aires na nyama. Mwaka uliofuata Paraguay, yenye mtambo wa amonia wa Ferdinand Carré, ilichukua nyama ya Argentina iliyogandishwa kuwa ngumu kama jiwe, ikafika Ufaransa salama. Basi ikajulikana kwamba jambo linawezekana. Lililobaki ni kuchagua: mtambo gani, na chombo gani?

Hapo ndipo tunapofika New Zealand. Nchi hiyo mwaka 1881 ilikuwa na watu wapatao nusu milioni, na kondoo karibu milioni 13. Sufu ilipata soko Ulaya, lakini nyama haikuwa na mlaji. Kondoo wazee walichemshwa mapipani wapate mafuta ya kufanyia mishumaa na sabuni, na nyama ikatupwa. Wakati ule ule wafanyakazi wa miji ya Uingereza walikuwa wakiionja nyama kwa nadra kwa sababu ya bei yake. William Davidson, mkubwa wa kampuni moja ya mashamba, alitaka kuziunganisha nchi hizi mbili, ingawa kati yake palikuwa na safari ya miezi mitatu na zaidi.

Davidson alichagua mtambo wa Bell na Coleman. Bell walikuwa wauza nyama wa Glasgow, na Coleman alikuwa mtaalamu wa kemia. Mtambo wao haukutumia amonia bali hewa tupu, na kazi yake mtaifahamu kwa bomba la baiskeli. Ukitia upepo kwa nguvu, bomba hupata moto, kwa kuwa hewa iliyobanwa huchemka. Hewa hiyo ikipozwa kwa maji ya bahari ingali imebanwa, kisha ikaachiliwa itanuke huku ikisukuma pistoni, hutoka baridi sana. Hewa hiyo ndiyo iliyopelekwa kwa mifereji ya mbao katika ghala la nyama. Mtambo huo ulikula makaa mengi, tani 3 kila siku, lakini ulikuwa na sifa moja kubwa kwa watu waliofungwa pamoja nao baharini: ukivuja, hakuna atakayedhurika. Amonia ikivuja katika chumba kidogo huziba pumzi na kuweza kuua.

Na chombo? Dunedin ilikuwa merikebu ya matanga. Basi katikati ya milingoti yake mitatu ukasimamishwa bomba la moshi, si la kuendesha merikebu, bali la tanuri la mtambo tu. Nadhani mabaharia wazee walioiona bandarini walitikisa vichwa.

Kondoo walichinjwa Totara, karibu na mji wa Oamaru, wakapelekwa kwa gari la moshi mpaka Port Chalmers, wakagandishwa mle mle merikebuni na kutiwa katika mifuko ya bafta. Kazi ilianza tarehe 7 Desemba 1881. Baada ya siku chache tu mhimili mkuu wa mtambo ukavunjika. Mizoga 643 iliyokwisha kugandishwa ikabidi kutolewa na kuuzwa papo hapo, na mafundi wa bandari wakashinda mwezi mzima wakiunda mhimili mpya.

Tarehe 15 Februari 1882 Dunedin iling'oa nanga na mizoga karibu 5,000. Nahodha wake aliitwa John Whitson.

Katika bahari za kusini mambo yalikwenda vema. Lakini walipoingia katika nchi za joto upepo ulikatika, merikebu ikasimama katika shwari, jua likapiga sitaha. Cheche kutoka katika bomba la moshi ziliangukia matanga, na zaidi ya mara moja yakashika moto. Tena likatokea jambo la kutisha zaidi: hewa baridi haikuenea sawasawa ghalani. Pembe nyingine zilikuwa kama theluji na nyingine zikaanza kupata joto. Nyama ile yote, na fedha ya wenyewe, na tumaini la nchi nzima, ilikuwa karibu kuwa uvundo.

Whitson hakumtuma mtu. Alitambaa mwenyewe ndani ya mfereji mkuu wa hewa, akaanza kukata matundu mapya ili baridi ipate njia. Aliikata njia, lakini baridi ikamshika viungo akawa hawezi kurudi nyuma. Juu ya sitaha watu wanatoka jasho, na chini yao nahodha wao anakufa kwa baridi! Msaidizi wake akatambaa nyuma yake, akamfunga kamba miguuni, wakamvuta nje kama gogo, kisha wakamhudumia mpaka akazindukana.

Baada ya siku 98 walifika London. Nyama ilipelekwa soko la Smithfield, ikakaguliwa. Katika mizoga yote ile ni mmoja tu uliokataliwa.

Mitambo ya hewa haikudumu sana. Tokea miaka ya 1890 merikebu za moshi zilichukua mitambo ya gesi ya kaboni au ya amonia iliyotumia makaa machache, nayo kuta za maghala zilijazwa makaa ya miti au vumbi la gome la mti kuzuia joto. Hata leo mwenye mashua ndogo anayetaka sanduku la baridi la kuhifadhi samaki wake hukutana na maswali yale yale ya Davidson na Harrison. Je, achukue barafu au mtambo? Akichukua mtambo, nguvu ataipata wapi, na joto lile linalotolewa sandukuni litakwenda wapi, ikiwa maji ya bahari yetu yenyewe ni vuguvugu? Wengi hununua mtambo mkubwa na kuuweka katika sanduku lenye kuta nyembamba kama za kasha la nguo, kisha hulaumu mtambo. Tudor angaliwaambia waanze na kuta.

Dunedin iliendelea na kazi yake kwa miaka minane. Mwezi wa Machi 1890 iliondoka Oamaru na shehena ya nyama kwenda Uingereza, ikiwa na watu 34, kwa njia ya Rasi ya Horn. Haikuonekana tena, wala hakuna ubao wake uliopatikana. Kule Totara, majengo ya mawe ya shamba lile yangali yamesimama, na wageni huenda kuyatazama.