Majumba Mawili ya San Francisco na Ukumbi wa Mji Wetu



Mwaka huu michango yote tunayoiomba ni kwa kazi moja: ujenzi wa ukumbi wa mji pamoja na ofisi zake. Kabla hamjafika kwenye fomu ya ahadi iliyo mwishoni mwa kitabu hiki, tunaomba msome historia ya mji uliolazimika kujenga jumba lake mara mbili. Mji huo ni San Francisco, katika jimbo la California, Marekani, ambako baadhi ya wanachama wetu wanaishi na kufanya kazi. Jumba la kwanza lilijengwa kwa zaidi ya miaka 25. La pili halikufikisha miaka mitatu. Sababu kubwa ya tofauti hiyo ni namna fedha zilivyopangwa.

Jumba la kwanza

San Francisco ilikua ghafla baada ya dhahabu kugunduliwa California mwaka 1848. Kufikia mwaka 1870 ilikuwa na watu karibu 150,000, lakini halmashauri yake bado ilikuwa ikitumia jengo lililokuwa la maonyesho ya tamthilia, lililonunuliwa mwaka 1852. Wakuu wa jiji waliamua kujenga jumba linalolingana na hadhi yao. Wakachagua eneo lililokuwa makaburi ya zamani, wakampa kazi ya michoro Augustus Laver, na jiwe la msingi likawekwa Februari 1872. Makadirio yalikuwa dola milioni 1.5.

Fedha zote hazikuwapo. Sehemu ya eneo ilikatwa viwanja vikauzwa, na baada ya hapo kazi ikategemea kodi ya kila mwaka. Mwaka wenye fedha kuta zilipanda, na mwaka usio na fedha mafundi walikaa. Wabunifu wakabadilishwa, na michoro nayo ikabadilishwa. Viongozi waliosimama kwenye picha ya jiwe la msingi waliondoka madarakani, wakaja wengine wenye mawazo mengine. Jumba lilipokamilika mwaka 1899 lilikuwa limemeza takriban dola milioni 6, yaani mara nne ya makadirio ya kwanza, na minong'ono ya rushwa ilikuwa imelizunguka kwa miaka mingi.

Tarehe 18 Aprili 1906, saa 11 na dakika 12 alfajiri, tetemeko kubwa la ardhi liliipiga San Francisco. Kuta za jumba ziliporomoka, na kuba lake likabaki mifupa ya chuma, kama mwavuli uliochanika nguo ukabaki mbavu. Moto uliofuata uliunguza sehemu kubwa ya jiji; zaidi ya majengo 28,000 yaliharibika.

Ni kweli kwamba tetemeko lile lilikuwa kubwa mno, wala si haki kulaumu kila ukuta ulioanguka. Lakini mitaa michache kutoka hapo palikuwa na jengo la serikali kuu la kutengenezea sarafu, lililofunguliwa mwaka 1874. Nalo lilijengwa katika zama zilezile, ila lilikamilika kwa miaka michache. Jengo hilo lilisimama, wafanyakazi wake wakalipigania dhidi ya moto, na lipo hadi leo. Wakazi walioona kuta za jumba lao zimelala barabarani walikuwa na haki ya kuuliza fedha zao zilikwenda wapi.

Jumba la pili

Baada ya hapo wapiga kura hawakuwa wepesi kufungua mifuko. Mwaka 1909 walipoombwa waidhinishe mkopo wa kujenga upya, pendekezo halikupata kura za kutosha. Hali ilibadilika mwaka 1912, James Rolph alipoingia kuwa meya. Jiji lilikuwa limepewa heshima ya kuandaa maonyesho makubwa ya kimataifa ya mwaka 1915, kwa hiyo tarehe ya kupokea wageni ilikwisha kujulikana. Machi 1912 wakazi waliulizwa swali moja la wazi: je, jiji litoe hati fungani za dola milioni 8.8 kwa ajili ya ardhi na majengo ya eneo jipya la jiji? Safari hii walikubali kwa kura nyingi sana.

Angalieni mpangilio wake. Kwanza kiasi chote kilijulikana na kuidhinishwa. Kisha yakafanyika mashindano ya wabunifu majengo, yakashindwa na kampuni ya Bakewell na Brown. Halmashauri ikapanga hoteli ya Whitcomb iwe ofisi zake za muda. Ndipo wachimbaji wakaingia kazini, Aprili 1913. Jumba lilizinduliwa Desemba 1915, likiwa na kuba refu kuliko la Bunge la Marekani kule Washington.

Walipa kodi hawakutoa fedha hizo kwa siku moja. Waliulipa mkopo polepole, kwa miaka mingi, kama wazazi wao walivyolipia jumba la kwanza. Tofauti ni kwamba safari hii mafundi hawakusubiri kodi ya mwaka ujao.

Historia haikuishia kwenye uzinduzi. Tetemeko la mwaka 1989 lililitikisa jumba hilo pia. Halikuanguka, lakini liliumia. Ukarabati na kuimarisha msingi wake viligharimu karibu dola milioni 300, na lilifunguliwa tena mwaka 1999. Hata jengo zuri huendelea kudai matunzo.

Na ukumbi wetu

Huku kwetu hakuna asiyejua maana ya boma. Kuta zimefika usawa wa lenta, wananchi wamechangia tofali na nguvu zao, fedha zikakatika. Masika yakija tofali zinalika, nondo zinashika kutu, na bei ya saruji ya mwaka huu si ya mwaka jana. Boma moja linaweza kulipiwa mara mbili kabla halijapauliwa.

Wapo wanachama wanaotuuliza kwa nini fedha zilizochangwa zimekaa benki wakati hakuna hata tofali moja la kuonyesha. Wapo pia wanaotaka jiwe la msingi liwekwe mwaka huu, tuwe na picha. Tunaielewa hamu yao, maana ni hamu yetu pia. Lakini tumeamua kwamba hatutachimba msingi mpaka mambo manne yawe mezani: michoro iliyokamilika, mchanganuo wa gharama kutoka kwa mkadiriaji majenzi, ahadi za maandishi zinazotosha kufika kwenye bati pamoja na akiba ya kupanda kwa bei, na mfuko mdogo wa matengenezo. Ikiwa ahadi hazitatosha, tutapunguza vyumba kwenye mchoro. Kufuta chumba kwenye karatasi ni gharama ya kifutio. Kukivunja kiwanjani ni gharama ya kila aliyechangia.

Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Walijua kwamba kibaba hujazwa kwanza, ndipo maji yakabandikwa. Hakuna anayesonga ugali konzi kwa konzi akasubiri unga mwingine uje kesho.

Kwa hiyo tunaomba ahadi yako kabla ya kuomba fedha yako. Andika kiasi unachoweza kukitimiza, hata kama utakilipa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Ukiandika kiasi cha kweli, hata kikiwa kidogo, tutajua ukumbi wetu uwe wa ukubwa gani.