Cheche zilizotoka Birmingham
Katika karne ya 19, Joseph Lucas aliuza mafuta ya taa mitaani mjini Birmingham. Gari la Mini lilipozinduliwa mwaka 1959, likiundwa pia Longbridge mjini humo, lilitumia distributa ya kampuni yenye jina lake.

Ndani yake, pointi zilikata umeme ili cheche iruke kwenye plagi. Vyuma vizito na springi viliiwahisha cheche kadiri injini ilivyoongeza kasi.

Pointi huchakaa, hivyo wengi wamezibadilisha kwa kifaa cha kielektroniki. Hata hivyo, kifaa hicho pekee hakiponyi springi zilizolegea. Katika injini iliyoongezwa nguvu, cheche ikiwahi mno, pistoni huweza kutoboka. Fundi mwenye busara huanza na distributa yenyewe.