Tabibu na Herufi za Kichakma

Katika milima ya Chittagong, kusini-mashariki mwa Bangladesh, wanaishi Wachakma, kaumu iliyo kubwa kuliko zote za wenyeji wa milima ile. Dini yao ni ya Budha. Lugha yao ina udugu na Kibangla, ilhali hati yao imeelekea upande wa Burma, kwa herufi za kuviringana. Konsonanti isiyotiwa alama yoyote husomwa kwa irabu ndefu ya “a”, jambo lisilo la kawaida katika hati za majirani zao, na kila herufi ina jina linaloeleza umbo lake, hata mwanafunzi akizitaja kwa mfululizo huwa kama anayeghani.

Nani aliyeitunza hati hiyo? Si malenga. Kisa kikuu cha mapenzi cha Radhaman na Dhanpudi hakikuhitaji wino. Kiliimbwa na magengkhuli, waimbaji wa kutembea kijiji kwa kijiji, waliokihifadhi vifuani mwao. Makasisi wa zamani, waitwao luri, walikuwa na maandiko yao matakatifu, Agartara, lakini hayo yalifunguliwa kwa ibada. Aliyeihitaji kalamu katika kazi yake ya siku zote ni baidya, yaani tabibu. Utenzi ukipotewa na ubeti, malenga hodari huweza kuuziba. Dawa ikipotewa na kipimo, huenda ikaua.

Ndiyo maana mabaidya waliandika. Madaftari yao, yaitwayo talik, yalikusanya maradhi na tiba zake: mizizi, magamba na majani, pamoja na maneno ya kusomewa mgonjwa. Baadhi ya dawa hizo si ngeni kwa majirani zao Wabangla. Kuna thankuni, jani dogo la mviringo litambaalo penye unyevu, la maradhi ya tumbo. Kuna basak, la kikohozi. Na manjano na tangawizi hazikosekani. (Mwarobaini unaochemshwa pwani kwa ajili ya homa nao asili yake ni Bara Hindi.) Waingereza walipoitwaa milima hiyo mwaka 1860, na baadaye skuli na ofisi zikaja na Kibangla, hati ya Kichakma ilikosa mahali pa kukaa, ila nyumbani kwa tabibu.

Msiba mkubwa zaidi uliletwa na maji. Bwawa la Kaptai, lililokamilika mwaka 1962 juu ya mto Karnaphuli ili kupata umeme, lilizamisha kiasi cha eka 54,000 za mashamba, karibu asilimia 40 ya ardhi nzuri ya kilimo milimani. Watu wapatao 100,000 waling’olewa, wengi wao Wachakma. Hata kasri ya raja wao huko Rangamati ilifunikwa. Makumi ya maelfu walivuka kuingia India, na kuanzia mwaka 1964 wengi walipelekwa mbali kaskazini, katika nchi iitwayo leo Arunachal Pradesh. Daftari huweza kutiwa katika furushi. Ukingo wa mto hauchukuliki, wala kichaka kilichoota juu yake, wala konde lililoachwa lipumzike baada ya kilimo cha kuhamahama, ambamo tabibu alijua achimbe nini na msimu gani. Kisha vikafuata vita vya miaka mingi, hadi mapatano ya Disemba 1997.

Herufi zenyewe zimepata makao mapya. Mwaka 2012 ziliingizwa katika mfumo wa kimataifa wa maandishi ya kompyuta, na mwaka 2017 serikali ya Bangladesh ilianza kugawa vitabu vya Kichakma kwa watoto wadogo. Talik hazikupata bahati hiyo. Baidya humrithisha mwanafunzi aliyemchagua, si kila abishaye hodi. Na jina la mmea lililoandikwa kwa Kichakma halimfai msomaji asiyepata mtu wa kumpeleka msituni akamwonyesha jani lenyewe.