Mantiki: kipimo cha hoja kilichozaa kompyuta

Papa wote huogelea. Nyangumi wote huogelea. Basi nyangumi wote ni papa. Kauli mbili za kwanza ni za kweli, lakini hitimisho ni la uongo. Aliyetuwekea utaratibu wa kuonyesha hoja kama hii imeteleza wapi ni Aristotle, mzaliwa wa Stagira, kaskazini mwa Ugiriki (384–322 K.K.).

Aristotle alitumia herufi badala ya majina ya vitu. Kila B ni C. Kila A ni B. Basi kila A ni C. Weka chochote mahali pa herufi hizo: kauli za mwanzo zikiwa kweli, hitimisho haliwezi kuwa uongo. Hiyo ndiyo hoja halali. Hoja ya nyangumi ina umbo jingine: kila A ni C, kila B ni C, basi kila B ni A. Umbo hilo halina dhamana, hata pale linapoangukia ukweli kwa bahati.

Maandishi yake yalitafsiriwa kwa Kiarabu, na Baghdad ikawa kitovu cha somo hilo la mantiki. Mwanafalsafa Al-Farabi, aliyefariki 950, aliyafafanua. Ibn Sina (980–1037) akajenga mfumo wake mwenyewe, akizingatia hata wakati, kwani "daima" na "wakati mwingine" hubadili hoja. Al-Ghazali aliwapinga wanafalsafa katika mengi, ila mantiki aliitanguliza katika al-Mustasfa, kitabu chake cha misingi ya sheria ya Kiislamu.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1854, George Boole, mtoto wa fundi viatu wa Lincoln, Uingereza, ambaye hakusoma chuo kikuu, aligeuza mantiki kuwa hesabu ya 1 na 0. Mwaka 1937 Mmarekani Claude Shannon, mwanafunzi wa miaka 21, alionyesha kuwa swichi za umeme hufuata hesabu hiyohiyo: zikipangwa mfululizo, umeme hupita zote zikiwashwa, zikipangwa sambamba, hata moja hutosha. Kompyuta zimejengwa juu ya msingi huo.

Hata hivyo mashine hukagua umbo tu. Uongo ukiingizwa katika hoja halali, unaweza kutoka uongo uliopangwa vizuri. Ndiyo maana bungeni, mahakamani na barazani tuulize maswali mawili, kila moja peke yake: je, yaliyosemwa ni kweli? Na je, hitimisho linatokana nayo? Mwanafunzi wa sekondari anaweza kumuuliza waziri maswali hayo, na cheo hakitoshi kuwa jibu.