Kifafa: Neno Lililobeba Kufa

Litamke polepole: ki-fa-fa. Sikio linakisikia kitenzi kufa, tena mara mbili, kana kwamba waliolitunga waliona kifo kidogo kinachojirudia. Mtu ameanguka kifafa, tunasema. Kisha huzinduka, akauliza kilichompata. Hakufa.

Ila ndani ya ubongo neno hili lina ukweli mzito. Katika hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu, baadhi ya seli huweka zinki kwenye vifuko vidogo mno. Ni madini yaleyale yanayopakwa bati la paa lisishike kutu. Kwa kawaida hutolewa kidogo kidogo seli zinapopashana habari. Mtukutiko wa kifafa ukirefuka, zinki humwagika kwa wingi, huingia seli za jirani na kuharibu mitokondria, vinu vya nguvu vya seli hizo. Seli hujihami kwa kutengeneza metalothionini, protini inayoikamata zinki iliyozidi. Zikilemewa, hufa.

Ndiyo maana mtukutiko unaopita dakika 5 ni dharura. Mlaze mgonjwa kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mwahishe hospitali. Wala usiogope povu lake: kifafa hakiambukizi. Wangapi wameungua motoni kwa sababu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa!

Kufa kumo katika neno, nasi hatuwezi kulibadili. Tunachoweza ni kumshika mkono aliyeanguka, na kumwita kwa jina lake, si kwa jina la ugonjwa.