Walimfunga Nani? Chris Webber na Mabango ya Michigan

Video yenyewe haifiki nusu dakika. Nimeitazama labda mara mia mbili, nyingi kati ya hizo usiku, mwaka ule nilioacha chuo, nikitumia bando za kukopa. Binamu yangu ndiye aliyenionyesha mara ya kwanza. Yeye anacheza kikapu mtaani na ana msimamo kuhusu kila mchezaji aliyewahi kuzaliwa. Akaniambia, "Cheki huyu mtu alivyowapotezea wenzake kila kitu."

Ni tarehe 5 Aprili 1993, ndani ya Superdome, New Orleans. Hii ni fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani. North Carolina inaongoza Michigan 73 kwa 71, na zimebaki kama sekunde 20. Mtupo huru unakosa. Chris Webber, kijana wa miaka 20, anaudaka mpira, anageuka kama anayetaka kumpa mwenzake, anasita, mguu unaburuzika. Hatua zimezidi na kila mtu kaona isipokuwa marefa. Anaamua kuukimbiza mwenyewe hadi upande wa pili, anaingia kwenye kona mbele ya benchi lao, na wawili wa North Carolina wanamziba. Zimebaki sekunde 11. Anaunganisha viganja vyake kuunda herufi T, kuomba taimauti.

Michigan walikuwa wameshamaliza taimauti zao zote.

Ukiomba usichokuwa nacho, sheria inakuhesabia faulo ya kiufundi. Wapinzani wanapewa mitupo miwili, na baada ya hapo mpira ni wao. Mechi iliisha 77 kwa 71. Watu husahau kwamba jamaa huyu alikuwa amefunga pointi 23 na kudaka mipira 11 usiku huo. Bila yeye, mabishano ya sekunde 11 yasingekuwepo, maana Michigan wasingefika hapo.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1991 Michigan ilisajili vijana watano waliotoka tu sekondari: Webber na Jalen Rose wa Detroit, Juwan Howard wa Chicago, Jimmy King na Ray Jackson wa Texas. Wakaitwa Fab Five. Kufikia Februari 1992 kocha Steve Fisher alikuwa anawaanzisha wote watano pamoja, jambo ambalo kwa wakati huo lilionekana kichaa. Kaptura zao zilikuwa pana, soksi nyeusi, vichwa vimenyolewa, na midomo haikufungwa uwanjani. Vijana Wamarekani Weusi waliwapenda papo hapo. Wazee waliosoma chuo hicho hawakuwapenda wote. Kuna waliowaandikia barua za matusi ya rangi. Hata hivyo walifika fainali mara mbili mfululizo, wakafungwa na Duke mwaka 1992 na North Carolina mwaka 1993. Hawakuchukua ubingwa wowote, lakini jezi zao ziliuzika kama maandazi asubuhi.

Pesa za jezi hizo hazikuwafikia wachezaji. Walihesabiwa kuwa wachezaji wa ridhaa, kwa hiyo malipo yao yalikuwa karo, kitanda na chakula. Webber alikuwa akilalamika kwamba anapita dukani na kuona jezi yake ikiuzwa huku yeye mwenyewe hana hela ya kula. Nikisikia hadithi hiyo huwa namwona kijana yeyote wa hosteli tarehe 20 ya mwezi.

Baada ya fainali ile ya pili aliondoka chuoni, miaka miwili tu baada ya kuingia, akachaguliwa wa kwanza kabisa kuingia NBA. Mambo yangeishia hapo. Ila Detroit kulikuwa na mzee mmoja anaitwa Ed Martin, fundi umeme mstaafu wa Ford. Alikuwa anaendesha bahati nasibu haramu kwenye viwanda vya magari, na alizoea kujifanya mjomba wa vijana wenye vipaji. Uchunguzi ulikuja kuonyesha kwamba aliwapa wachezaji wanne wa Michigan jumla ya dola 616,000. Kwa madai yake, dola 280,000 kati ya hizo zilikwenda kwa Webber na familia yake.

Webber aliulizwa chini ya kiapo, akakana. Mwaka 2003 alikiri mahakamani kwamba alidanganya kuhusu pesa alizomrudishia Martin, na baadaye akapigwa faini ya dola 100,000. Martin alikuwa ameshafariki Februari mwaka huohuo.

Chuo nacho hakikusubiri. Novemba 2002 Michigan ilishusha mabango ya fainali zote mbili kutoka darini mwa uwanja wake wa Crisler na kufuta ushindi wote wa msimu wa 1992-93. Mabango yalikunjwa, yakapelekwa maktaba ya kumbukumbu ya Bentley hapohapo Ann Arbor. Mwaka 2003 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikaamuru chuo kisihusiane na Webber kwa miaka kumi. Ubingwa wa North Carolina ulibaki palepale. Sasa walimfunga nani? Hewa?

Hapa ndipo mashabiki wa Michigan wanagawanyika, na kwa kweli wanabishana juu ya mambo tofauti huku wakidhani ni jambo moja.

Wapo waliobaki na taimauti. Kwangu hawa ni wepesi kuwajibu. Kijana alichanganyikiwa mbele ya makumi ya maelfu ya watu, na wengine wanasema sauti za kumwambia aombe zilitoka kwenye benchi lake mwenyewe. Kosa hilo Webber hata hakulikimbia. Shirika lake la hisani aliliita Timeout.

Wapo wa pesa. Miaka ishirini iliyopita hawa walikuwa na nguvu. Lakini tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwalipa moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20 kwa mwaka kwa chuo kimoja. Sawa, hela za kamari haramu bado ni haramu. Ila ile njaa ya mbele ya duka la jezi, leo hata NCAA inakubali ilikuwa ya kweli.

Na wapo wa tatu, ambao ndio wananikosesha usingizi. Wanasema: vipi wale wanne? Rose, Howard, King na Jackson hawakuwekewa marufuku ile, lakini ushindi uliofutwa ni wao pia. Ray Jackson hakuwa na mkataba mnono wa NBA wa kumliwaza. Rose amekuwa akisema hadharani kwamba Webber anapaswa kuomba msamaha. ESPN ilipotoa filamu yao mwaka 2011, wanne walizungumza na Webber hakushiriki. Aprili 2013 Michigan ilirudi fainali, dhidi ya Louisville. Wanne waliketi pamoja, na Webber alikuwa kwenye jengo hilohilo, amekaa mahali pengine.

Binamu yangu yuko kundi hili. Mimi nilimbishia kwa muda mrefu, na sababu haikuwa Webber. Mwaka wangu wa tatu nilienda kufanya mtihani nikiwa na deni la karo, nikakuta jina langu halipo kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni. Mihula minne niliyofaulu bado ninayo kwenye karatasi, lakini kwa yule karani nilikuwa kama sijawahi kukanyaga pale. Kwa hiyo nikiona chuo kinakunja bango na kulificha maktabani, huku pesa za jezi kimeshazila, damu inachemka. Chuo hicho hakikurudisha Machi wala Aprili za wale vijana. Kilichukua tu majina.

Lakini mimi nilidaiwa, sikudanganya. Na hakuna mwanafunzi mwenzangu aliyepoteza mtihani wake kwa sababu yangu. Binamu alinitajia hilo taratibu, bila kunicheka, na sikuwa na jibu.

Marufuku iliisha Mei 2013. Mabango hayakurudishwa darini. Novemba 2018 Webber alialikwa kuwa nahodha wa heshima kwenye mechi ya futiboli ya Michigan dhidi ya Penn State. Watu zaidi ya 100,000 walikuwepo uwanjani na wakampigia kelele za shangwe. Mwaka 2021 akaingia kwenye Jumba la Heshima la kikapu.

Nilimtumia binamu video ya siku ile ya 2018. Akaitazama, akanijibu kwa meseji moja: "Poa. Na Jalen alikaa wapi?"