Mpira na Uzi: Chimbuko la Somo la Mwendo katika Chekechea

Mwanzoni mwa karne ya 19, shule nyingi za Ulaya ziliwafundisha watoto kwa kukariri, na maarifa ya kani, yaani msukumo au mvuto unaobadili mwendo wa kitu, hayakuhesabiwa kuwa ya watoto wadogo. Friedrich Froebel, mwalimu Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1782 na kujifunza kwa mwanaelimu Pestalozzi huko Yverdon, Uswisi, aliuvuka mpaka huo alipoanzisha taasisi yake mjini Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, ambayo mwaka 1840 aliipa jina lenye maana ya bustani ya watoto.

Nyenzo zake aliziita zawadi. Ya kwanza ilikuwa mipira sita ya sufu yenye rangi mbalimbali, ambayo mtoto aliibembeza na kuizungusha kwa uzi, hata mkono wake ukauhisi mvuto kabla hajalijua jina lake. Ya pili ilikuwa maumbo ya mbao: tufe, lililobingirika kila upande, mcheduara, uliobingirika kwa ubavu wake tu, na mchemraba, uliotulia ulipowekwa, lakini ukining'inizwa na kuzungushwa kwa kasi ulionekana kama mcheduara.

Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule za aina hiyo mwaka 1851, na Froebel akafariki mwaka uliofuata, kabla ya marufuku kuondolewa mwaka 1860. Hata hivyo, mchango wake haufutiki: alionyesha kwamba mchezo wa mtoto unaweza kuwa mlango wa kwanza wa fizikia.